Mlango wa Lupe

Homa ya uti wa mgongo ilimpata Lupe akiwa na miaka miwili. Ilimwachia uhai, ikaondoka na masikio, na badala yake ikampa kifafa. Sasa ni msichana wa miaka kumi na saba, na kwa kusuka mikeka hakuna wa kumgusa kijiji kizima. Kila asubuhi humeza dawa kabla ya chai. Mama yake, Lavinia, hambanduki mpaka aone ulimi mtupu.

Siku hiyo Lavinia alikuwa kanisani, nyumbani kabaki Feleti, kaka yake Lupe. Lupe alipozinduka alijikuta kifudifudi chumbani, mdomo una damu. Feleti alikuwa mlangoni, amempa mgongo, analia. Hakuingia. Katika visiwa vya Tonga ni mwiko kaka kukanyaga chumba cha dada yake. Alikuwa ameita majirani mpaka sauti ikamkauka.

Jioni akaja shangazi Seini, dada ya baba yao.

"Afadhali hakuingia," alisema.

"Wifi, mtoto angekufa," alisema Lavinia.

"Na angeingia tungesemwa kisiwa kizima. Tafuta msichana akae naye."

"Akae naye kutwa? Huyo msichana umekuja naye?"

Lupe alikuwa akisoma midomo yao. Watu hupenda kumgombania kana kwamba hayupo, na jambo hilo humchoma. Akapiga sakafu kwa kiganja, wote wakageuka. Akaongea kwa mikono, lugha ya nyumbani kwao, polepole, shangazi asije akajidai hakuelewa.

Kati yangu na Feleti, nani wa juu?

"Wewe," alisema Seini. "Dada ndiye wa juu. Baba yenu na ndevu zake zile, mpaka leo hanipingi."

Lupe akamnyooshea kaka yake kidole, kisha akaonyesha mlango wa chumba chake, kisha akaigiza mtu anayelazwa ubavu. Namwamuru. Nikianguka, aingie.

Seini akamgeukia Feleti. Kwake Seini, kuipinga amri ya dada ni kukipinga kiti alichokalia mwenyewe maisha yake yote.

"Si umeambiwa, Feleti?" alisema. "Unangoja nini? Au na wewe ni kiziwi?"

Lupe alitangulia chumbani. Feleti alifika mlangoni, akasita, akaingia. Lupe alijilaza kifudifudi ili amfundishe kumgeuza. Mikono ya kaka yake ilikuwa ya baridi. Hakuwa amemgusa tangu walipokuwa wadogo.