Mstari Mmoja, Sahihi na Saa

Ndugu wasomaji, Jumatatu asubuhi askari wa geti la ofisi yetu, hapa Ntinda, aliniambia kwamba mzee aliyemtangulia kazini amefariki, na wameshamzika kwao kaskazini. Nilisema pole, nikapanda ngazi, nikakaa mezani na mkoba ukiwa bado begani. Nina aibu kwa mtu huyo, na kwa kuwa sina tena pa kumpelekea, naileta hapa.

Alikuwa mwanajeshi mstaafu, na sote tulimwita Afande. Mwaka jana, mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu yalipokaribia, mimi, Mkenya ninayejiona mjuzi wa mchezo huo, niligawa karatasi za ubashiri kwa ofisi nzima. Timu zilikuwa kumi na sita, mtoano. Kila mtu anajaza nani atamtoa nani mpaka bingwa. Raundi ya kwanza alama moja, robo fainali mbili, nusu fainali nne, bingwa nane. Karatasi zilibandikwa ukutani kwenye korido, na mhesabu alama nilikuwa mimi. Zawadi haikuwapo, ila jina la mshindi lingeandikwa kwenye ubao wa ofisi. Afande naye aliomba karatasi, tukacheka kidogo.

Fainali ilipokwisha, kombe lilichukuliwa na chuo kidogo ambacho hakuna aliyekitaja isipokuwa Afande. Kwenye kisanduku chake cha bingwa, jina la timu kubwa lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, juu yake limeandikwa la chuo kile, na pembeni sahihi na tarakimu nne: 0740. Nami nilijua kuwa yeye ndiye aliyefungua jengo kila asubuhi kabla yetu. Basi nikasema mbele ya watu, kwa utani ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira, kwamba wengine hubashiri mechi ikishakwisha.

“Bosi, mimi hapana iba,” alisema. “Mimi nilikata ile siku ya kwanza, asubuhi, mpira bado kuanza. Nikitoka nyumbani Kyebando napita kwa uwanja ya hii chuo. Naona hawa vijana wanakimbia, giza bado iko. Nikasema, hawa ndio watachukua.”

“Sasa mbona hukuomba karatasi mpya, Afande?”

“Kwa geti hatutupi karatasi. Tunakata laini moja, tunaweka sahihi na saa. Kitabu ya geti iko na hii maneno yote. Twende usome.”

Sikwenda, na geti lilikuwa pale chini tu. Nilimnyima alama nane, na kwa hesabu hiyo aliyeongoza nikawa mimi, jina langu likaandikwa ubaoni. Vijana wa ofisi wakaanza kumwita Bwana Matokeo. Alivumilia wiki chache, akaomba uhamisho, akapelekwa kulinda ghala kule Nakivubo.

Mwezi uliofuata nilikuwa nikitafuta katika kitabu cha geti siku ambayo bahasha fulani ililetwa, nikakutana na mwandiko wake chini ya tarehe ya siku ya kwanza ya mashindano: “0740: nimekata jina moja kwa karatasi ya mpira. Bosi wa karatasi bado kufika.” Mstari uliofuata: “0815: bosi wa karatasi ameingia.” Nilifunga kitabu, sikumwambia mtu. Nilijidanganya kwamba ni mchezo tu. Siku moja tulikutana uso kwa uso Nakivubo, akanipigia saluti. Nikamuuliza habari za nyumbani, kisha nikasingizia haraka.

Sisi watu wa ofisini tuna mambo. Tunamwachia askari funguo, magari na watoto wetu wanaosubiri kuchukuliwa, halafu tunashindwa kumwamini juu ya jina moja la timu. Mtu aliandika ukweli kila siku katika kitabu ambacho hatukukifungua ila tulipopotewa na kitu chetu.

Jana niliwaita wenzangu kwenye ubao, nikawasomea kitabu. Hakuna aliyecheka. Kisha nikakata jina langu kwa mstari mmoja, bila kulifuta, nikaandika lake juu, nikatia sahihi na saa. Kosa husahihishwa wakati aliyekosewa angali yupo kuliona likisahihishwa. Afande alisahihisha lake kabla mpira haujaanza. Mimi nimesubiri mpaka wamemzika.