Kumtafutia Mpuritani Baba

Nilipomaliza digrii ya historia, nchi hii ilinipa kibali cha kufanya kazi kwa muda, kwa sharti dogo tu: kazi yenyewe iwe ya historia. Kazi za historia zimejaa tele Texas, kila mtu anajua. Nikabahatika kupata moja Irving, katika ofisi ndogo inayowatafutia watu mababu zao. Nikiipoteza, kibali nacho kinakufa na mimi narudi Kenya. Uwanja wa ndege uko karibu na ofisi, kwa hiyo walau teksi isingenisumbua.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Houston aliyetaka kujua babu yake wa zamani kabisa alizaliwa na nani huko Uingereza. Babu huyo alikuwa Mpuritani, mmoja wa wale Wakristo wakali waliovuka bahari kuja Marekani karne ya kumi na saba kwa kuona kanisa la kwao lina mapambo mengi mno. Alishuka melini, akajitwalia shamba, hakuna aliyemwuliza viza wala barua ya benki. Mimi, niliyetokwa na jasho mbele ya dirisha la ubalozi, ndiye niliyepewa jukumu la kuchunguza kama alitoka katika familia ya maana.

Wanaume wawili wangeweza kuwa baba yake: bwana mwenye ardhi na nembo ya ukoo, na fundi wa mapipa wa kijiji cha jirani. Sikupata chochote cha kuamua kati yao. Nilihangaika wiki nzima, nikaota hata mapipa, kisha nikaona jambo lililokuwa wazi kama jua: kifungua mimba wa Mpuritani alikuwa na jina la yule mwenye ardhi. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, na hilo halina mjadala. Nikaandika ripoti. Bibi akafurahi, akachongesha nembo kwenye ubao na kuutundika juu ya mlango wake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Missouri City, karibu na Houston, kwa mama, aliyekuwa amealika watu kumwona mtoto wa kwanza wa kaka yangu. Rafiki yake Mrundi, muuguzi mwenzake, alimpakata mtoto akauliza jina.

"La mume wangu," mama akasema. "Lingekuwa la nani?"

"Nyinyi ni wavivu. Mtoto mpya, jina kuukuu. Kwetu kila mtoto ana lake."

"Sasa ukoo mtaujuaje?"

"Tunakaa nao, shoga. Tunajuana."

Wakacheka. Mimi nikairudisha chapati sahanini. Kama Mrundi, ambaye tunaelewana naye kwa Kiswahili, hafuati utaratibu wetu, Mpuritani aliuanza lini?

"Una nini wewe?" mama akauliza.

"Nimempa mzungu baba asiye wake."

"Mzungu gani?"

"Alikufa zamani."

"Basi kula. Hatalalamika."

Jumatatu nilimweleza bosi, baada ya kuzunguka maegesho ya magari nikijaribu maneno.

"Ushahidi wako ulikuwa upi?" akauliza.

"Mila."

"Ya nani?"

"Ya kwetu."

Kichwani nikaanza kufungasha masanduku yangu yote. "Mpigie mteja wewe mwenyewe," bosi akasema. "Akifunga faili, sina kazi nyingine ya kukupa."

Nikampigia. Nilieleza kila kitu, pamoja na mambo ambayo hakuna aliyeniuliza.

"Kwa hiyo hatujui alitoka wapi," bibi akasema.

"Bado, mama."

"Ni huyo wa mapipa?"

"Huenda. Au mtu wa tatu."

"Ubao uko juu ya mlango. Watu wameshauona."

"Pole sana."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Basi tafuta," akasema. "Tafuta mpaka umpate. Siwezi kuwaambia majirani kwamba ukoo wangu uliota kama uyoga."

Nikamshukuru kwa unyenyekevu wa mtu aliyeokolewa kutoka mtoni. Kisha nikafungua ramani ya parokia za Uingereza, zinazotunza vitabu vya ubatizo. Ni nyingi, Mungu ni mwema. Nikaanza na ile iliyo mbali kabisa na kijiji cha yule fundi.