Rimoti ya Mkono wa Kushoto

Watu wa ukoo wetu wanasema nilimkosea mjomba adabu mbele ya watu wazima. Wanasema hivyo mpaka leo, na mimi mpaka leo sijaomba radhi. Nitaeleza ilivyokuwa, kisha kila mtu abaki na lake.

Mama alipata kiharusi miaka ile maduka ya Kilosa yalipojaa televisheni bapa, na vocha za intaneti zikauzwa hata kwenye genge la nyanya. Ugonjwa ulimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote. Nilimtoa Masanze kwenye shamba lake nikamleta kwangu mjini, nyumba ya vyumba viwili, si mbali na reli. Mume sikuwa naye. Tulishaachana zamani na sikumlilia, jambo ambalo ukoo haukunisamehe.

Nilikuwa nachapa barua na mitihani ya watu kwenye kompyuta ya mezani, chumbani kwangu. Lilikuwa dude zito, linavuma kama mashine ya kusaga. Mama naye alishinda sebuleni akitazama ukuta, na hilo liliniumiza kuliko kumwogesha. Kompyuta sikuweza kuihamisha kila mara, na mama ndiyo kabisa. Basi nikanunua ruta ya kusambaza mawimbi, nikaweka programu ya kurushia video, nikatengeneza folda nikaiita “Mama”. Fundi wa mtaani alinicheka, akasema hayo ni mambo ya Dar. Nilihangaika siku tatu. Siku ya nne televisheni ya sebuleni ikaonyesha kilichokuwa ndani ya kompyuta ya chumbani, bila waya. Ukuta wa tofali za kuchoma ulidhoofisha mawimbi, kwa hiyo mara kwa mara picha iliganda, kiduara kikazunguka, halafu ikaendelea. Nilimpitia yule fundi kibandani kwake nikamwambia aje anywe chai aone. Hakuja.

Mama aliipenda rimoti kuliko filamu zenyewe. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, na ndani ya wiki mbili alijua kusimamisha, kurudisha nyuma na kuruka matangazo kunishinda mimi. Alikuwa akirudisha kipande kilekile cha kwaya mara kumi, ananitazama, anacheka upande mmoja wa mdomo.

Kwenye folda ile kulikuwa pia na video nilizompiga mwenyewe kwa simu kule Masanze, kabla hajaugua. Katika mojawapo nilitaka kujifunza kupika mlenda wake. Alianza na mlenda, akaishia kwenye msiba wa dada yake, ambaye tulikuwa tumetoka kumzika.

Kisha mjomba akaitisha kikao. Yeye ni mdogo wake mama, anaishi Mikumi, na kwetu sisi mjomba ndiye msemaji wa ukoo. Akisema, watoto wa dada zake wanasikiliza mpaka waulizwe. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, bado mtoto. Alifika asubuhi na wazee wawili na mfuko mkubwa wa nguo, mtupu. Nilipouona ule mfuko nilijua umeletwa kwa nguo za mama. Akaagiza simu zote ziwekwe mezani, kwa sababu kikao cha ukoo hakirekodiwi.

“Dada hawezi kukaa kwa mwanamke asiye na mume,” alisema. “Ukoo utachekwa. Leo naondoka naye Mikumi.”

“Mjomba, naomba niseme.”

“Hujaulizwa, mpwa wangu. Mwenye kusema ni dada, na dada hana neno.”

Mama alikuwa palepale, kwenye kiti chake, machozi yanamtoka jicho moja. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nikaichukua rimoti mapajani mwake, nikawasha televisheni, nikafungua folda.

Mama akatokea kwenye kioo, mzima, kajifunga kanga kichwani, mwiko mkononi. Sauti yangu ikasikika nyuma ya kamera: “Shikamoo mama.” Hapo picha ikaganda na kiduara kikaanza kuzunguka.

Sasa, kwetu mmoja akimwamkia mkubwa, wadogo wote waliopo hufuata. Mjomba alikuwa amelelewa hivyo, tena na huyohuyo dada yake. Alikuwa hajauona uso ule ukisema neno kwa miezi saba. Neno lilimtoka kabla ya akili.

“Shikamoo dada.”

Kiduara kikazunguka. Wote tukangoja. Ukuta wangu wa tofali haujawahi kunifaa kama siku ile.

“Marahaba,” mama akaitika kutoka kwenye televisheni.

Mjomba alikwisha amkia, akaitikiwa. Sasa mkubwa anasema, na mdogo hawezi kumkatiza.

“Dada yangu walimchukua eti wakamtunze,” mama alisema akikoroga. “Wamemtunza mpaka kafa anaulizia jiko lake. Mimi nikianguka, nitakaa kwa huyu anayenipiga picha. Ana mdomo, lakini ananijua. Mtu asinihamishe. Haya, sasa unatia magadi, kidogo tu.”

“Huo ni utovu wa adabu,” mzee mmoja aliniambia. Nilimjibu kwamba adabu ni kumsikiliza mwenye mwili wake. Nilimjibu nimesimama, sikuulizwa, na ningemjibu tena.

Mjomba aliinuka, nikadhani anakwenda kumbeba, nikajiweka mlangoni. Lakini alikwenda mbele ya kiti cha mama, akainama, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia.

“Shikamoo dada.”

Mama alimtazama. Midomo yake ilijaribu, ikashindwa. Ndipo akaunyosha mkono wa kushoto kwangu, nikampa rimoti. Akaielekeza kwenye televisheni, akarudisha nyuma, akapitiliza, akarudi mbele kidogo, bila haraka, na mjomba bado ameinama.

“Marahaba,” mama akasema.

Mjomba alirudi Mikumi bila mama, na mfuko ule aliusahau. Sasa natilia mkaa.