Bibi wa Chumvi na Ndoo Niliyoipindua

Bibi wa chumvi wa Ivuna amefariki. Habari ilikuja na lori la mpunga. Dereva akaitupa dukani kwetu hapa Mlowo pamoja na salamu nyingine, na mama akaacha kupima sukari. Nyinyi mnaosimama mbele ya gazeti hili la ukutani la shule kila Ijumaa mkingoja niwachekeshe, leo mtanivumilia. Hamkumjua, ingawa wengi wenu mmekula chumvi yake, ile ya kijivujivu iliyouzwa kwa kopo. Alikuwa jirani wa mjomba wangu huko Ivuna, na kwa kuwa bibi na mjukuu ni watani, aliniita mume wangu, nami nilimdai talaka kila likizo.

Likizo moja alinipa kazi ya ndoa. Alikuwa na chungu kikubwa chenye matundu chini, kimetandikwa nyasi na kujazwa udongo wa chumvi uliokwisha lowekwa. Unamwagia maji juu, na chini yanadondoka maji makali ya kuchemsha mpaka ibaki chumvi. Nilidhani maji ninayomwaga ndiyo yanayodondoka. Kumbe matone ya kwanza ni ya yale yaliyokuwa yamelala ndani ya udongo, yameshiba chumvi. Maji mapya yanayasukuma yatoke, kisha yanakaa mahali pao. Mimi nilikuwa na haraka ya mpira, nikapindua ndoo nzima. Maji yakachimba kanjia kamoja pembeni mwa chungu, yakatokea chini karibu kama yalivyoingia. Bibi akachovya kidole, akalamba.

“Mume wangu, umenionjesha mvua,” alisema. “Chumvi yote umeiacha humo ndani. Mwaga kama unamwogesha mtoto.”

Basi biashara ikafunguka, mali za viwandani zikafika mpaka Mlowo, na duka letu likajaa chumvi nyeupe ya pakiti, yenye madini joto. Bwana afya akapita akiisifu, na sina ugomvi naye. Mwalimu ametuonyesha picha za watu wenye uvimbe wa tezi shingoni, nikaelewa. Lakini siku ya gulio bibi alishuka kwenye lori na magunia yake, chumvi iliyomnunulia mahindi ya kiangazi, akayafungua mbele ya duka letu kama miaka yote. Mimi, mnavyonijua, nikaona jukwaa. Nikapanda juu ya kreti la soda, nikatangaza kwamba mke wangu amezeeka mpaka chumvi yake imeota mchanga, na anayependa meno yake aingie ndani kwenye pakiti. Watu wakacheka. Bibi akacheka kuliko wote, akanitukana vizuri, kiutani. Kisha wateja wakaingia ndani. Jioni alifunga magunia yakiwa bado yamejaa, akaniachia kopo moja, akasema ni la mume. Hakuja tena Mlowo. Mjomba anasema kiangazi kile kununua mahindi kulimshinda, akawa anakunywa uji asubuhi na kulala nao. Karo yangu ya muhula ule ilitoka kwenye zile pakiti.

Msibani tulipeleka katoni ya chumvi ya dukani, na maharage ya waombolezaji yakaungwa nayo. Nyuma ya nyumba nikakikuta kile chungu kimejaa udongo, bado una unyevu, kama cha mtu aliyeitwa katikati ya kazi. Nikamwaga maji kikombe kwa kikombe, kama kuogesha mtoto. Tone la kwanza lilichelewa sana, na nilipolilamba lilikuwa kali mpaka machozi yakanitoka; msiniulize kama ni chumvi peke yake. Utani uliniruhusu kusema nililosema, hilo najua, na hakuna aliyenikemea. Mapya nayo lazima yaingie, sibishi, kwa sababu hata dawati ninalokalia nimelipata kwa mlango huo. Ila kuna namna ya kumwaga. Sisi tulipindua ndoo, tukapita pembeni kwa kasi huku tukicheka, tukamwacha bibi humo ndani na chumvi yake yote.