Walivyomhamisha Yaya Bahati kwa Midomo

Harufu ya jezi chafu zilizolowekwa siku nzima haifanani na harufu nyingine yoyote duniani. Ni jasho la wanaume, majani yaliyokanyagwa, tope la kiwanja na sabuni ya mche, vyote vimeoza pamoja ndani ya bafu moja. Sisi tulikuwa na bafu hilo huko Greyville, mjini Durban, katika fleti ambayo familia tatu zilikuwa zimeigawana kwa mapazia, na kila Jumatatu hakuna aliyeoga mpaka mama yangu amalize kufua jezi za Ziwa, timu ya mpira ya sisi watu wa Kongo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Shule nilikuwa nimeachia darasa la nne, tulipokimbia Uvira, na sikurudi tena, kwa hiyo Jumatatu zangu zilikuwa za kusugua shingo za jezi mpaka vidole vinakunjamana kama vya bibi kizee. Nje ya dirisha farasi wa uwanja wa mbio walikuwa wanajikuna shingo kwenye uzio, wamepigwa brashi wanang'aa, na mimi nilikuwa nikiwatazama na kujiuliza kwa nini katika mji huu farasi anatunzwa kuliko sisi. Swali hilo sijalijibu mpaka leo, na leo nina saluni zangu mwenyewe.

Jezi namba kumi nilikuwa naifua peke yangu, wala sikukubali mtu aiguse. Ilikuwa ya kaka yangu Bahati. Sisi watu wa Uvira kaka mkubwa humwita yaya, na mimi sikuwahi kumwita kwa jina lake tupu. Yaya Bahati alikuwa mlinzi wa magari kule ufukweni. Yaani anavaa kizibao cha rangi ya kuwaka, anasimama juani, anampungia mtu mkono aingize gari, halafu anangoja lile gari hata saa tano, apewe sarafu au apewe matusi. Watu wengine walikuwa wakimrushia neno lile la matusi wanalowaitia wageni, mbele ya watoto wao, na yeye anaitikia kwa adabu. Lakini Jumapili, kwenye kiwanja kilicho karibu na bandari, mtu huyohuyo alikuwa mwingine. Alicheza soksi zimeshuka, mguu wa kushoto, hana haraka. Mpira ukimfikia anausimamisha kwanza, anatazama upande ambao hana nia ya kwenda, na wanaume watatu wanakimbilia huko. Mama alikuwa akisema mwanawe anacheza kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Wazee waliokuwa walimu na makarani kwao, na hapa wanauza soksi barabarani, walikuwa wakiimba jina lake. Nataka ulielewe hilo kabla sijaendelea. Mpira haukuwa mchezo kwake. Ulikuwa mahali pekee Durban nzima ambapo watu walimwita kwa jina.

Sasa nikuambie kuhusu wale wanaume wa saluni ya Papa Tomasi. Papa Tomasi ndiye alikuwa mwenyekiti wa timu, mtu mnene, msafi, mwenye kunyoa vizuri na kusema vibaya. Saluni yake ilikuwa na viti viwili vya kunyolea na benchi refu la wasio na kazi, na benchi lile ndilo lililokuwa redio yetu, gazeti letu na mahakama yetu. Majira ya baridi ya mwaka wa tisini na nane, ikiwa imebaki kama mwezi mmoja tucheze na timu ya Point, ambayo ilikuwa ya Watanzania, benchi likaanza kusema kwamba Bahati anahama. Ushahidi wao ulikuwa nini? Anachelewa mazoezini. Anaonekana mtaa wa Point jioni. Point hawana kiungo. Basi. Mmoja akasema ameahidiwa kazi ya ndani, ya kivuli, isiyo ya kusimama juani. Mwingine akasema ameahidiwa mke, na siku ya pili yule mke alikuwa tayari ana jina na umbo. Mtu akithubutu kuuliza nani kasema, wanamjibu kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi naichukia methali hiyo. Waliotangulia wametuachia nyingi nzuri, lakini hiyo wameitunga wambeya ili wasiulizwe.

Ukweli ulikuwa mdogo na ulikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeuliza kwa nia njema. Pale ufukweni alikuwako mzee mmoja Mtanzania, Mzee Salehe, mtu wa Tanga. Yaya Bahati alipofika Durban hajui hata kuomba maji kwa Kizulu, ni Mzee Salehe aliyemkatia kipande cha maegesho yake, akamfundisha nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa. Wenzetu wa Ziwa, ndugu zetu wa damu na wa lugha, walikuwa wamemwambia hakuna nafasi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sasa Mzee Salehe akaugua kifua, akalala chumbani kwake Point hana mtoto wala mke mji huu, na kaka yangu akawa anapita kila jioni kumpelekea uji na kumgeuza ubavu. Ndiyo yale mazungumzo ya usajili waliyokuwa wakiyasema.

Mzee Salehe akafa siku ya Alhamisi asubuhi. Waislamu hawalazi maiti wao, kwa hiyo habari ilimfikia yaya akiwa kazini na kizibao chake, akatoka vilevile mbio. Watanzania wakaona si heshima aingie mazikoni na nguo ile ya kuwaka, wakamwazima kanzu na kofia, na kwa kuwa ndiye aliyemuuguza marehemu, wakampa bega la mbele la jeneza. Alibeba. Na wakati anabeba, kwenye barabara ya kwenda makaburini, taxi iliyojaa watu wetu ikashikwa palepale na robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu.

Aliyeshuka kwenye ile taxi na kukimbilia saluni aliitwa Mapasa, muuza mikanda. Mimi nilikuwa pale, nimetumwa kurudisha jezi zilizokauka.

"Nimeona na macho yangu mawili," akasema, hata hajakaa. "Bahati iko amevaa kanzu mpaka visiginoni. Na kofia. Anabeba sanduku mbele kabisa, kama mtoto wa nyumba."

"Mbele?" Papa Tomasi akauliza, wembe umesimama kwenye shingo ya mteja.

"Mbele, mukubwa. Mtu hawekwi mbele ya maiti ya watu bure. Yule wamekwisha kumbatiza kwa njia yao."

"Wao hawabatizi," akasema yule mteja, amefumba macho.

"Basi wamemfanya ile wanafanyaga."

Benchi likacheka. Nikasema mimi, kwa sauti ya kitoto, kwamba yaya alikwenda kumzika mzee wake wa kazini. Papa Tomasi akanigeukia kwa upole ule wa mtu mzima anayekudharau. Akasema, "Mama mdogo, weka jezi hapo, urudi kwa mama yako. Haya ni maneno ya mpira."

Hayakuwa ya mpira. Kufika jioni, midomoni mwao, yaya alikuwa amekwisha kusilimu, amepewa jina jipya, ameoa, na amevaa jezi ya Point chini ya ile kanzu. Kanisani kwetu mama aliimba kwaya na wenzake wakimtazama pembeni. Nyumbani, nyuma ya pazia la kushoto walinyamaza tukiingia, nyuma ya pazia la kulia wakakohoa. Mama akambembeleza yaya aende akaseme. Akakataa. Alisema neno moja tu, na kila nikilikumbuka najua ndiye tuliyefanana naye: "Anayenijua hataniuliza, na anayeniuliza hatanisadiki."

Mama hakuweza kukaa na jambo hilo. Kwetu Uvira, mwanamke asiye na mume akitaka wazee wakae wamsikilize mwanawe, hupeleka kinywaji kwanza. Si rushwa, ni kufungua masikio. Lakini katika timu ya Ziwa kulikuwa na sheria nyingine, waliyoitunga hapahapa Durban: mchezaji aliyekosa huleta kreti ya bia kwa wazee, na akiileta amekiri. Mama aliijua sheria hiyo kwa kuisikia tu, hakuipa uzito, kwa sababu kichwani mwake desturi ni ile ya nyumbani. Akanunua kreti, yeye ambaye hajawahi kuonja pombe, akaifunika kwa kitenge chake cha kanisani, akashika upande mmoja nami nikashika wa pili, tukapita mtaani chupa zinagongana kwa kila hatua. Alipofika saluni alipiga magoti kwenye sakafu yenye nywele za watu.

"Papa zangu," akasema, "mtoto wangu Bahati baba yake hayupo. Nimekuja badala ya baba yake. Naomba mumwite, mkae naye, mumsikilize."

Wakamwinua, wakamshukuru, wakamwita mama mwenye busara. Hatujafika hata kona ya barabara nikasikia chupa zinafunguliwa. Na kabla kreti haijafika nusu, uamuzi ulikuwa umetoka: Bahati amekiri, tena kwa mkono wa mama yake mzazi. Watu wengine hadi leo huwatetea, husema walikosea, hawakuelewa. Hapana. Wanaume wale wote walizaliwa kando ya ziwa lilelile. Kila mmoja wao alikuwa amemwona mama yake au shangazi yake akipiga magoti vile. Walijua vizuri maana ya kile kinywaji, wakachagua maana iliyowafaa, kwa sababu Papa Tomasi alikuwa na shemeji yake aliyekuwa akiitamani namba kumi tangu mwanzo. Ijumaa ya wiki ya mchezo jezi ikapelekwa kwa shemeji.

Yaya alipoambiwa na mama mwenyewe, hakumfokea. Alikula ugali wake polepole mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema, "Mama, wewe ulifanya kwa upendo. Usilie." Kisha akatoka nje akasimama kwenye uzio wa farasi mpaka tukalala.

Jumapili ya mchezo alikwenda, amevaa shati lake la kawaida, akasimama nyuma ya goli letu. Nilikuwa kando yake nimemshika mkono. Shemeji wa Papa Tomasi alikimbia sana, sikatai. Hata kuku aliyekatwa kichwa hukimbia. Hadi mapumziko Point walikuwa wametufunga mabao matatu, na watu wetu, walewale wa benchi, wakaanza kuliimba jina la kaka yangu, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu, kana kwamba ni sisi tuliomficha. Ndipo nahodha wa Point, kijana mrefu wa Dar es Salaam, akavuka kiwanja akaja hadi kwa Papa Tomasi. Hakupiga kelele. Alisema, "Mzee wangu, shikamoo. Sisi huyu hatujawahi kumwita. Alituuguzia mzee wetu, tukamvika kanzu tukazika. Tungemsajili, leo mngekuwa mmefungwa sita."

Watanzania wakacheka. Wetu wakatazama chini. Papa Tomasi naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kinachonichemsha damu hadi saa hii ninapoandika, maana kilikuwa kicheko cha mtu aliyesamehewa kabla hajaomba. Akampigia makofi shemeji yake atoke, akamvua jezi palepale, akaja nayo mkononi inachuruzika jasho la mtu mwingine.

"Haya, Bahati, mtoto wangu. Yamekwisha. Vaa, ingia."

Yaya aliitazama jezi. Aliitazama kuanzia kola hadi ile namba, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kuukanyaga mstari wa goli, kwa sababu alitaka kuingia. Asikudanganye mtu, alitaka kuingia kuliko kitu chochote. Kisha akasema, "Bia ya mama mlikunywa." Akanivuta mkono tukaondoka. Nyuma yetu kipenga cha kipindi cha pili kikalia, na yeye hakugeuka.

Hakucheza tena. Si Ziwa, si Point, ambao baada ya hapo ndio walikuja kweli kumwomba, mara mbili, naye akakataa ili wasiseme waliosema kwamba walisema kweli. Na hakuna aliyekuja nyumbani kwetu kusema samahani. Hata mmoja. Mama aliendelea kuzifua jezi zao mwezi mzima, mpaka mimi nikazitupa ngazini na kumwambia basi.

Leo vijana wangu wa saluni wanashinda na simu wakibishana mchezaji gani wa Ulaya anahamia wapi. Asubuhi amekwenda, mchana amebaki, jioni amepima afya. Wakikosea wanacheka, kesho wanaanza na mwingine. Huwa nawaacha, kwa sababu yule wanayemsema yuko mbali, analala kwenye nyumba kubwa na hawasikii. Wetu alikuwa analala nyuma ya pazia. Lakini akitajwa mchezaji wa hapa mtaani, mtoto wa mtu ninayemjua, nazima redio na namuuliza msemaji: uliona, au ulipita na taxi? Wananiona mama mkali. Ndiyo, mimi ni mkali, na ukali huu sikuupata shuleni.

Papa Tomasi amezeeka. Huja kwangu kunyolewa, nami namtoza kama mtu mwingine yeyote, na huwasimulia wateja kwamba yeye ndiye aliyemlea Bahati, mchezaji ambaye Durban haijaona mfano wake. Yaya sasa anakaa Queensburgh, ana gereji yake, ana kitambi. Binti yake wa mwisho anacheza mpira wa wasichana, kiungo. Mwezi uliopita tulikuwa mezani, akamuuliza, "Papa, wewe zamani ulicheza?" Kaka yangu akanitazama ili ninyamaze, nami, ambaye mdomo wangu haumwogopi mtu, nikanyamaza. Akamjibu, "Mimi nilikuwa nalinda magari ya watu."

Hakusema uongo. Alilinda magari siku sita za wiki. Ni ile ya saba waliyomnyang'anya.