Wawili Hadi Njia Panda

Sheria mpya ilibandikwa getini siku ya Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku pekee dobi aliyokuwa na nafasi ya kuisoma. Ilikuwa karatasi moja tu, imefunikwa kwa nailoni isilowe: kuanzia leo hakuna ruhusa ya mtu kupanda Kilima cha Ngome peke yake, wageni waingie wawili au zaidi, waandikwe pamoja, watoke pamoja. Dobi aliisoma, akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaisoma tena, maana kuna siku miwani ndiyo huwa na makosa.

"Mko wangapi?" mlinzi wa geti akamwuliza kutoka kibandani, na huku anamwona vizuri kabisa.

"Tuko mmoja," dobi akajibu.

Mlinzi alicheka mpaka akaweka kikombe chini, lakini geti hakufungua. Alieleza kwamba juma lililopita mpiga picha mmoja aliteleza kwenye machimbo ya mawe ya zamani, akavunjika mguu, akakaa huko kutwa nzima anaita, na hapa chini hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamngoja. Wakubwa walikuja juu. Sasa hata mtu aje na barua, akiwa mmoja haingii.

"Kwa hiyo mzee wangu, kalete mwenzako," alisema mlinzi, kana kwamba wenza wanauzwa dukani ng'ambo ya barabara.

Tuseme ukweli mapema, tusizungukezunguke. Dobi huyu alikuwa mpweke. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na mkewe ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Yeye kazi yake ilikuwa kuitikia. Mwanawe wa pekee alikuwa mji wa mbali na alipiga simu kila Ijumaa kuuliza mambo matatu: afya, dawa za presha, na mvua. Dukani, dobi alishinda chumba cha nyuma na pasi yake ya mvuke. Wateja walipokelewa mbele na mke wa mwenye duka, yeye akaletewa nguo zilizobanwa vikaratasi vya namba. Aliwajua watu wa mji ule kwa namba na kwa kola zao. Hamsini na tatu alitaka mkunjo wa suruali usimame. Kumi na tisa alikuwa amenenepa na hataki kukubali, vifungo vinasema. Lakini angepishana na kumi na tisa barabarani, asingemtambua.

Duka lilifungwa Jumapili jioni na kufunguliwa Jumanne. Jumanne moja asubuhi, baada ya msiba kupoa na watu kurudi kwao, alifungua kinywa kumsalimia mke wa mwenye duka, sauti ikatoka imekwaruza. Akajiuliza ana mafua? Ndipo alipogundua kwamba tangu Jumapili jioni hakuwa ametamka hata neno moja, hata kwa paka. Aliogopa. Aliogopa kweli, kuliko alivyoogopa hospitalini mkewe alipolazwa.

Hapo ndipo alipoanza kupanda kilima. Si kwamba alipenda sana mawe. Ila njia ya kilimani ina ada yake: watu wasiojuana husalimiana. Mjini ukimsalimia mtu usiyemjua atashika mfuko wake, lakini mpeleke mtu huyohuyo kwenye mwinuko, ahemewe kidogo, atakwita ndugu. "Habari za huko juu?" "Nzuri, bado kidogo tu!" Hiyo bado kidogo ilikuwa uongo mtupu, na kila mtu aliyeteremka aliwagawia wanaopanda bila aibu. Jumatatu watu walikuwa wachache, lakini salamu nne tano hakukosa, na zilimfikisha Jumanne.

Baada ya muda akaipenda na njia yenyewe. Kutoka getini ilipita chini ya miti mpaka kwenye njia panda. Kulia kulikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, zimeliwa katikati kwa nyayo za watu waliokufa zamani. Kushoto njia ilifuata kijito, ikapita kando ya machimbo, ikazunguka na kutokea upande wa nyuma wa Ngome. Ngome yenyewe ilikuwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, kimo cha watu wawili, una matundu ya kuchungulia. Kibao kilieleza kwamba watu mia nne walijificha humo wakati wa vita, wao na mifugo yao. Chini ya maneno hayo kibao kikaonya ni marufuku kuandika kwenye mawe, na mtu mmoja mtiifu akawa ameandika jina lake kwenye kibao. Dobi alipenda kusimama katikati ya ukuta ule na kuwaza kelele za watu mia nne.

Sasa hayo yote yalikuwa nyuma ya geti, na yeye alitakiwa alete mwenzake. Alianza na shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe.

"Kupanda kilima? Kwani huko juu kuna nini?"

"Kuna ukuta, shemeji."

"Ukuta? Hata kwangu upo."

Jirani alisingizia magoti. Mwanawe, kwenye simu ya Ijumaa, alisema, "Baba, si upumzike tu nyumbani siku hiyo?" Dobi akaitikia ndiyo, na simu ikakatika. Jumatatu mbili mfululizo alikwenda akakaa kwenye benchi la nje ya geti, amevaa viatu vya kupandia, akasalimia wanaoingia kwa makundi. Hakuna kundi lililokuwa na pengo.

Jumatatu ya tatu akaja mwanamke wa miaka arubaini na kitu, raba miguuni, mkoba mdogo umepita begani.

"Mama, mko wangapi?" mlinzi akauliza.

"Si unaniona? Mimi na kivuli changu."

Mlinzi akamsomea sheria, kisha akanyoosha kidevu kuelekea kwenye benchi. Mwanamke akamkagua dobi toka utosi hadi kisigino.

"Wewe unapanda?"

"Napanda, dada."

"Unaongea sana?"

Tangu azaliwe hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Hapana," akasema.

"Basi twende."

Wakaandikwa mstari mmoja daftarini. Dobi moyo ulimruka. Chini ya miti alikuwa ameshapanga mazungumzo matatu: mvua, mpiga picha, na zile ngazi. Alikuwa anajikohoza aanze na mvua, walipofika njia panda na mwanamke akasimama.

"Kaka, nisamehe, nikwambie wazi. Mimi ni msusi. Jumanne mpaka Jumapili nashika kichwa cha mtu kwa saa sita, na kichwa kina mdomo. Waume wa mji huu wote nawajua, na sijawaona. Nikirudi nyumbani tuko kumi na mmoja, choo kimoja. Hapa nakuja kunyamaza. Wewe shika kushoto, mimi kulia, saa tisa tukutane getini. Utanisaidia sana."

Dobi akameza mazungumzo yake matatu. "Sawa, dada," akasema, akashika kushoto shingo upande.

Alishuka mapema, amenuna kidogo, akataka kuandika saa ya kutoka aende zake. Mlinzi akafunika daftari kwa kiganja. "Mwenzako yuko wapi? Mmeingia wawili." Ikabidi angoje kwenye benchi. Ilikuwa nusu saa nzima ya kutazama njia, na katikati ya nusu saa hiyo alishangaa kuona kwamba ana wasiwasi: zile ngazi zinateleza. Msusi alipotokea kwenye miti, uso umetulia, dobi alishusha pumzi kwa sauti.

Jumatatu iliyofuata aliyechelewa ni yeye, maji ya kijito yalikuwa yamepanda na ilibidi azunguke. Akiteremka, kabla hajafika, aliona kupitia kwenye matawi mtu amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, anatazama juu njiani. Alikuwa anamtazamia yeye. Dobi alisimama nyuma ya mti ili aendelee kutazamiwa kidogo. Alifurahi, alifurahi mpaka akaona haya, mtu mzima na mvi zake amejibanza kwenye mti.

"Umechelewa," msusi akamwambia.

"Nisamehe."

Wakaandika saa, wakaagana, basi. Wakaendelea hivyo miezi mitatu. Njia ya mpaka njia panda walitembea kimya, dakika kumi na mbili. Ya kushuka kila mtu na yake. Kisha mmoja kumngoja mwenzake. Msinielewe vibaya, dobi hakuwa anatafuta mke, na msusi alikuwa na mume wake miongoni mwa wale kumi na mmoja. Hata hivyo Jumapili jioni alianza kulipiga pasi shati la kupandia kilima, kitu ambacho dobi mwenye akili timamu hafanyi. Alichokuwa anakipenda alikijua vizuri wala hakujidanganya: kwa saa nne kila juma, kulikuwa na mtu duniani asiyeweza kwenda kwake mpaka ahakikishe yeye ameshuka.

Halafu Jumatatu moja wakakuta karatasi imebanduliwa. Machimbo yalikuwa yamezungushiwa waya, na mlinzi akawatangazia kama anayetoa zawadi: sasa hata mtu mmoja ruksa, kila mtu na mstari wake, kuingia na kutoka apendavyo.

"Afadhali!" msusi akapiga makofi. "Kaka, tumefunguliwa!" Akamshika dobi mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana kwa kunivumilia. Mwingine angenisema."

Dobi akacheka naye, kwani angefanya nini. Akaandika jina lake kwenye mstari ulio chini ya wa msusi. Kwa kuwa njia ni moja, walitembea pamoja mpaka njia panda, na msusi alikuwa ameshakanyaga ngazi ya kwanza dobi alipopiga moyo konde.

"Dada, ngoja kidogo."

Msusi akageuka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa kuombwa kitu.

"Sisemi tutembee pamoja," dobi akamwahi. "Wewe nyamaza, ni haki yako. Ila ukishuka, uniulizie kama nimeshuka."

"Nikuulizie kwa nani?"

"Kwa mlinzi. Umuulize tu, yule mzee ameshuka? Akisema bado, wewe nenda zako. Usiningoje."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Msusi akarekebisha mkanda wa mkoba. "Kwani nyumbani hakuna anayekuuliza?"

"Hakuna," alisema dobi. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu, na lilitoka bila kukwaruza.

"Sawa," msusi akasema, akapanda.

Dobi alikwenda na ile sawa njia nzima. Aliigeuza huku na huku kandokando ya kijito. Kuna sawa ya kukubali na kuna sawa ya niache niende, na zote hutamkwa vilevile. Akajilaumu. Mwanamke wa watu amekuja kupumzisha masikio, yeye anamtwika maombi.

Alipotokea nyuma ya Ngome alimwona kwa mbali, amekaa upande wa pili wa ukuta, amempa mgongo. Akarudi nyuma kimyakimya asimsumbue. Msusi aliinuka wakati wake wa kila siku, akateremka. Huo ndio wakati wa dobi naye kushuka, na miguu ilitaka. Lakini aliwaza: nikimfuata unyounyo atasema mzee huyu ni kupe, ameomba kidole kumbe anataka nimngoje palepale. Hapana, aende kwa amani. Akakaa juu ya jiwe. Akasoma kibao alichokijua kwa moyo, jina la yule mtiifu likiwemo. Saa tisa ikapita, na robo ikapita. Kwenye nusu akaona sasa inatosha, atakuwa amefika mbali, akashuka polepole.

Benchi lilikuwa tupu. Alikuwa ametaka liwe tupu, na bado alilitazama mara mbili. Akaingia kibandani, akachukua kalamu, akaandika saa yake bila kuinua macho.

"Mwenzako amekuuliza," mlinzi akasema.

"Amesemaje?"

"Amesema, yule mzee ameshuka? Nikamwambia bado. Nikajua ataondoka, si hakuna tena kungojana. Akakaa. Nikamwambia mama, nenda tu, sheria imeshaondolewa. Akasema najua, namngoja kidogo. Karibu saa nzima yuko hapo, shingo imeelekea juu. Simu yake ikawa inaita, nafikiri nyumbani walikuwa wanamtaka. Ameondoka sasa hivi tu, hata dakika tano bado."

Dobi alitoka mbio. Alifika barabarani akatazama huku, akatazama kule. Watu walikuwa wanapita na shughuli zao, hakuna mkoba begani, hakuna raba. Dakika tano. Na yeye muda wote huo alikuwa amekaa juu ya jiwe, mzima wa afya, hana alichokuwa anafanya.

Akarudi getini akihema, akakaa kwenye benchi. Mlinzi akatoa kichwa kibandani.

"Mzee wangu, unangoja mtu?"

"Hapana," dobi akasema. "Nilikuwa nangojwa."

Akakaa pale mpaka geti likafungwa.