Dada Niliyemzua

Mama alizaa wavulana wanne na mimi. Lakini mwaka nilioambiwa nina saratani ya titi, nilijizulia dada huko Tanga, nikamtwika ugonjwa wangu.

Sikuwa na namna nyingine. Sisi Watanzania wa Johannesburg, mtu akisikika ana saratani, hata kitandani hajalala, watu washaanza kuulizana maiti itasafirishwaje. Mimi ni fundi cherehani, ghorofa ya tatu, jengo kuukuu katikati ya jiji. Nani atamwachia kitambaa cha harusi marehemu mtarajiwa?

Daktari alinieleza kwa Kiingereza, kwa upole lakini mbiombio, maana foleni nje ilikuwa imefika kwenye ngazi. Nikaitikia "yes, yes" kama napokea oda. Nilichoshika ni kwamba titi litaondolewa, na tarehe imeandikwa. Akanipa kijitabu, nusu Kiingereza, nusu Kizulu. Binti yangu angenisomea lugha zote mbili bila taabu, lakini alikuwa kwenye mitihani ya kumaliza shule, sikutaka ajue. Nikakificha chini ya marobota ya bitana.

Nikaanza kutafuta mwenyewe. Kwenye simu, kwa Kiswahili, nilikuta wauza dawa tu, kila mmoja na mgonjwa wake aliyepona. Basi nikatuma sauti kwenye kundi la wanawake wa darsa: "Jamani, dada yangu Tanga ana uvimbe kwenye titi, madaktari wanataka kumkata. Mnasemaje?"

Majibu yakamiminika. Habasoda na asali. Majani ya mstafeli, yachemshwe mpaka maji yageuke rangi. Aache sukari. Na karibu wote wakasema asikubali kisu, kisu kikishaugusa unasambaa mwili mzima. Nilisikiliza huku napiga pasi. Nilitaka sana kuwaamini, kwa sababu nilikiogopa hicho kisu kuliko ugonjwa wenyewe.

Siku ya upasuaji nilibaki nyumbani nikanywa majani ya mstafeli yaliyokuja na basi kutoka Dar. Nikanywa wiki ya pili, na ya tatu. Uvimbe haukuwa na habari. Nilichoka kuchemsha, nilichoka kutapika, na zaidi nilichoka na huyo dada. Kila Jumapili darsani waliniuliza hali yake, na ilibidi nikumbuke uongo wa wiki iliyopita. Walimwombea dua, nami mgonjwa nikaitikia amina kwa niaba ya mtu asiyekuwepo.

Mmoja tu hakujibu kitu kwenye lile kundi, mama wa Unguja anayeuza udi, mteja wangu wa siku nyingi. Adhuhuri moja akapanda ngazi zote zile, maana lifti ilishakufa zamani, akakaa akihema.

"Fundi, dada yako keshafanyiwa?"

"Bado. Anakunywa majani."

"Na tarehe aliyopewa?"

"Ilipita."

Akasogeza kiti karibu. "Waukumbuka ule mfuko ulonitilia kwenye gauni la Idi? Kwa ndani, kushoto?"

Niliukumbuka. Alisema ni wa simu, mjini wezi wengi. Hakutaka nimpime kwa futi, alileta gauni la zamani la kufuatisha. Baadaye akashonesha mengine matatu, yote mfuko huohuo, nami nikajiona nimebuni mtindo. Nikawashonea hata wateja wengine wawili.

"Si wa simu," akasema. "Natia pamba."

Akauchukua mkono wangu akauweka pale kifuani. Ilikuwa pamba kweli.

"Miye nilikuwa na shangazi Pemba," akasema. "Nikamuulizia dawa kwa kila mtu."

Nililia mpaka nikalowesha kitambaa cha mtu. Yeye akakisogeza kando. Halafu akaniambia alikatwa, akatiwa dripu, akanyonyoka nywele, akadhani anakufa. "Lakini miye si daktari, na maradhi hayafanani. Rudi ukawaulize. Waambie hukufahamu, watafute mtu wa kukufasiria. Na kile kijitabu wanachotupa sote, umekificha wapi?"

Nikakitoa chini ya bitana. Akavaa miwani, akanisomea ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili cha kwao. Tulipofika katikati nikamuuliza, "Nitapona?"

"Hilo silijui, mwanangu. Wanaolijua ni hao wa majani."

Kesho yake nilirudi hospitali. Walinigombeza kidogo, wakanipa tarehe nyingine. Jioni nikamweleza binti yangu, akakasirika kwamba nilimficha, kisha akakaa na kijitabu mpaka alipokimaliza.

Jumapili darsani, kabla hatujafungua dua, wakaniuliza, "Dada yako vipi huko Tanga?"

Nilikuwa nimechoka mno kumkumbuka.

"Sina dada," nikasema. "Ni mimi. Naingia hospitali Alhamisi."